Kidole Gumba, Ukurasa wa 131

Jumanne, zamu ya usiku, Punta Arenas.
Upepo unasukuma mlango kama mtu aliyesahau miwani ndani.
Viti arobaini, hakuna aliyekaa.
Ukichungulia sasa utasema maktaba imekufa;
lakini tazama kioo changu: nukta kumi na moja za kijani,
watu kumi na mmoja wamekaa mbele yangu
na kila mmoja yuko kwake.

Mmoja ni nesi wa Puerto Williams, amesahau nywila.
Mmoja kaandika "halo" mara tatu, kisha kimya;
huyo simhimizi, kimya chake kina mtoto mchanga ndani.
Na mmoja ni Rosamel Ojeda,
ng'ambo ya mlango-bahari, Tierra del Fuego,
mchunga kondoo elfu mbili, wote wa watu,
mwaka wa tatu, elimu ya malisho.
Jenereta ya shambani huwashwa saa mbili, huzimwa saa nne.
Katikati ya hapo ndipo chuo kikuu chake kilipo.

Anataka sura ya saba.
Kitabu tunacho kimoja tu, ghorofa ya tatu,
mgongo umelegea, kinanuka koti lililonyeshewa.
Sheria inaruhusu sura moja, basi.
Nikakilaza kifudifudi juu ya skana,
mwanga ukapita chini yake, kushoto kwenda kulia,
mara ishirini na nane.
Faili likatoka nene: megabaiti themanini na nne.
"Bibi," akaandika, "hilo ni fahali,
na mlango wangu ni wa banda la kuku."
Nikalipunguza. Nikaliondoa rangi. Nikalikata vipande tisa,
kama anayemmegea mkate mtu asiye na meno,
nikatuma kimoja, nikangoja kimezwe,
nikatuma kingine.

Saa nne kasoro dakika sita:
"Ukurasa wa 131 una kidole gumba.
Kina plasta. Pole.
Ila kimekalia maneno matatu."

Nilicheka, peke yangu, ukumbi mzima ukasikia.
Miaka kumi na tisa nimewapa watu vitabu mkono kwa mkono
na hakuna hata mmoja aliyeuona mkono.
"Karatasi ilinikata," nikajibu. "Ngoja."

Lifti hulala mapema. Nikapanda ngazi,
taa zikijiwasha mbele yangu, zikizimika nyuma,
rafu ya mwisho, karibu na bomba linalovuja.
*Malisho yapumzishwe, hata kama nyasi zimekwisha rudi,
hadi mizizi ipone.*
Nikashuka nikiyarudia mdomoni nisije nikayamwaga:
hadi mizizi ipone, hadi mizizi ipone.
Nikaandika. Nikatuma.
Nukta yake ilikuwa ya kijivu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema waliosema,
na kondoo wa Rosamel wana chawa, aliniambia mwenyewe,
wiki ile alipotafuta makala na asijue yanaitwaje
na mimi nisijue chawa wa kondoo ana rangi gani.
Tuliyapata. Yalikuwa kwa Kijerumani.
Tulihangaika.

Mkuu wangu, Bi Quezada, ana programu mpya.
Ina kisanduku kimeandikwa: ondoa vidole.
Ukikigusa, mkono unageuka weupe wa karatasi,
kana kwamba kitabu kilijifungua chenyewe, kikajigeuza kurasa,
kikajituma.
Ripoti ya mwezi inasema: maombi 214, yaliyojibiwa 209.
Haina safu ya pole.
Nimekigusa kisanduku. Sibishi; maneno ya mtu hayakaliwi.
Ila pale kwenye sura fupi, zenye pambizo pana,
huwa nasahau kukigusa.

Jumatano, saa mbili na dakika moja, kijani.
"Nimeyasoma. Hadi mizizi ipone.
Na hiyo plasta, umeibadilisha?"